Mama Aliyebandika Maua Vifuani mwa Watu

Kwa miaka mingi nilishona nguo za arusi katika mtaa wa Kataki, hapa Kalemie, na leo ukiwauliza watu wa umri wangu habari za arusi zile, hakuna atakayekutajia nguo. Watakutajia maua. Watakuambia kwamba ua la kifuani mwa bwana arusi lilikaa palepale tangu misa ya asubuhi mpaka watu walipochoka kucheza, na kwamba mama wa bibi arusi alikumbatiwa na ukoo mzima bila hata jani moja kupinda begani mwake. Kisha watakuambia ni nani aliyeyabandika.

Huyo alikuwa jirani yangu. Viwanja vyetu vilitenganishwa na wigo wa matete, mfupi kiasi kwamba tukisimama tuliweza kuzungumza bila kupaza sauti. Nasema mapema kwamba nilimwonea wivu, tena kwa muda mrefu, ili mtu asidhani namkumbuka kwa moyo mweupe. Pale nitakapomsifu, jueni sifa hiyo imenitoka kwa shida.

Kazi yake ya kila siku haikuwa maua. Aliuza ndakala. Alfajiri alishuka ufukweni, akanunua samaki wale wadogo kutoka mitumbwini, akawaanika juu ya mchanga, na jioni akawapeleka sokoni kwenye beseni. Kwa hiyo mikono yake ilinuka samaki siku sita za juma. Siku ya arusi aliamka mapema kuliko siku zote, akaisugua kwa majivu, akaisuuza, akaisugua tena kwa ndimu, akaipeperusha hewani. Halafu aliinyoosha juu ya matete akaniomba ninuse. Nilinusa. Haikunuka samaki. Nilitamani inuke.

Wakati ule wanaume walikuwa wamekatazwa tai. Serikali ilisema tai na suti ni mavazi ya mkoloni, na kila mwanamume mwenye heshima alivaa abakosti iliyofungwa vifungo mpaka karibu na shingo. Arusi ilipofika, kifua cha bwana arusi kilikuwa kitupu kama ukuta. Ndiyo maana ua likawa jambo kubwa. Kabla ya jirani yangu kuanza, watu walilibandika wenyewe. Walichukua pini ya kufunga, ile ya nepi za mtoto, wakaichoma kwa mbele, katikati ya kikonyo, na padri alipofika katikati ya mahubiri ua lilikuwa limeshainamisha kichwa kama kuku aliyechinjwa.

Yeye alifanya kinyume. Aligeuza ukosi wa koti, akaingiza pini kwa nyuma, akaitoa mbele kidogo tu, akaivusha juu ya kikonyo kwa mshazari, akairudisha ndani ya kitambaa, na ncha yake akailaza kati ya tabaka mbili za nguo ili isimchome mtu. Kama ua lilikuwa zito aliweka pini ya pili, ikikingama na ya kwanza. Ukitazama kwa mbele hukuona chuma chochote. Uliona ua limeota.

Kwa akina mama kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu nguo zao zilikuwa nyepesi, na ua la begani ni kubwa, huwa na maua mawili matatu na utepe. Kitambaa chepesi huvutwa na uzito, kikashuka, na mama wa watu akabaki bega wazi mbele ya wakwe. Jirani yangu alikata kipande kidogo cha nguo nzito, akakiweka kwa ndani, upande wa ngozi, halafu akapitisha pini kwenye nguo na kipande pamoja, na kama alipata kamba ya sidiria akaishikisha nayo. Alikuwa akisema, kwa Kiswahili cha kwetu ambamo “ndiyo” huwa “njo”:

“Si pini njo inashika ua. Ni kitambaa njo kinashika pini.”

Vipande hivyo vya nguo nzito alivichukua kwangu, kutoka kwenye kapu la mabaki chini ya mashine yangu. Nilimpa. Hakuna arusi hata moja ambapo mtu alisema vipande vile vilitoka kwangu.

Waridi nzuri zilitoka Kirungu, kule juu ya Moba, kwenye baridi, zikaletwa na mashua zikiwa zimeviringishwa kwenye majani ya ndizi mabichi. Mashua isipokuja alitumia maua ya ukutani yale ya zambarau yanayofanana na karatasi, au yale meupe yanayotoa maziwa ukiyakata. Hayo meupe aliyaacha kwenye beseni la maji asubuhi nzima mpaka maziwa yaishe, maana yakidondoka kwenye nguo hayatoki tena. Kila kikonyo alikizungushia kitambaa cha kijani chembamba, na ncha akaichovya kwenye nta ya mshumaa ili maji yasivuje. Nilimwona akikataa ua zuri sana kwa sababu lilikuwa na maji. Alisema satini haisamehe. Katika hilo alikuwa na haki, nami niliyeshona satini nilipaswa kulisema kabla yake.

Akishamaliza kubandika, alijaribu. Hakujaribu kwa kuvuta ua. Alimkumbatia mtu. Alimkumbatia bwana arusi, akamkumbatia msimamizi, baba, mama, mmoja mmoja, kwa nguvu, kama mtu anayempokea ndugu aliyeshuka garini baada ya miaka. Kisha alirudi nyuma hatua moja akatazama. Ua likiwa limesogea, alibandua akaanza upya. Likiwa halikusogea, alisema tu, “Nenda.”

Nimewaona wanaume wakubwa wakitoka mikononi mwake na machozi. Asubuhi ya arusi kila mtu ana hofu, na kila mtu anapigiwa kelele: gari iko wapi, viatu viko wapi, mbona wa upande wa bwana hawajafika. Katika kelele hizo alikuwako mtu mmoja aliyewashika na kuwakaza kifuani. Mimi nilivipima vifua hivyohivyo kwa utepe wa sentimita, mara mbili, mara tatu, na sijawahi kumkumbatia yeyote. Sikufikiria. Nilikuwa na pini mdomoni na chaki mkononi.

Kuna arusi moja ambayo watu hawachoki kuisimulia. Lori lililobeba maharusi liliharibika kabla ya daraja la mto Lukuga, na ikabidi msafara uvuke kwa miguu. Siku hiyo upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kwa ukali, na pale darajani haukuwa na kizuizi. Nilikuwa nimeshona shela ndefu, siku tatu za kutarizi ukingo wake kwa mkono. Tulipofika katikati ya daraja upepo uliichukua. Ilipaa, ikajitandaza hewani, ikashuka majini taratibu, na Lukuga ikaondoka nayo kuelekea magharibi. Bibi arusi alilia. Watu walisimama kuitazama. Halafu mtu mmoja akasema kwamba, tazameni, maua yote yapo. Wakahesabiana vifuani na mabegani: kwa bwana, kwa msimamizi, kwa mama wawili. Hakuna lililoanguka. Watu wakaanza kucheka na kupiga vigelegele, na mpaka tukafika kanisani, habari ilikuwa habari ya maua. Jirani yangu alikuja kwangu jioni akasema pole kwa shela. Nilimjibu si kitu.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Kanisani aliimba kwa sauti kuliko wote, lakini akiwa kwenye benchi la mwisho, na wakati wa komunyo hakuinuka. Mwanamume aliyeishi naye alikuwa mfanyakazi wa reli, na mke wake wa ndoa ya kanisa alikuwa akiishi Kabalo. Kila mtu alijua. Yeye mwenyewe hakuficha. Alikuwa akisema kwamba bwana wake anakuja kwa ratiba ya gari moshi, na kwa kuwa miaka ile gari moshi halikuwa na ratiba, kila aliyesikia alicheka, naye akacheka nao. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo peke yake.

Alikuwa mpole kwa wanaume na mkali kwa mabibi arusi. Bibi arusi akianza kulia alimwambia akalie baada ya picha. Alikuwa jasiri mbele za watu, halafu akarudi nyumbani akitetemeka. Mara moja aliitwa kwa arusi ya bwana mkubwa wa ofisi ya zone, yaani ya wilaya. Bwana yule alikuwa na kibandiko cha chama kifuani kushoto, chenye picha ya rais, naye akasema ua lisiwe juu ya picha, wala kando yake sawasawa, wala upande wa kulia kwa kuwa bibi yake anataka upande wa moyo. Jirani yangu aliitazama abakosti kwa muda, kisha akafungua mdomo wa mfuko wa kifuani, akaingiza kikonyo mfukoni, akakishika kwa pini kutoka ndani, na ua likachungulia chini ya picha. Akamwambia kwamba sasa ua linatoa heshima. Yule bwana alifurahi mpaka akamwomba akae meza ya mbele. Aliporudi kwake aliniambia kwamba alikuwa amejichoma kidole gumba na kukinyonya muda wote ili damu isionekane. Alinionyesha tundu. Nilimpa mafuta ya taa apake.

Na katika miaka hiyo yote hakusifu nguo yangu hata moja, ila mara moja tu. Alishika ukosi wa nguo niliyoishona kwa mama mmoja wa Lubuye, akaisugua kati ya vidole, akasema kitambaa hiki kinashika pini vizuri. Nilikaa na maneno hayo juma zima nikiyageuza, nikitafuta kama ni sifa.

Sasa niseme la binti yangu, maana ndilo lililoniuma.

Nilijaliwa mtoto mmoja. Baba yake alikufa angali mdogo. Nilitaka ajifunze mashine, nikamkalisha mbele yake tangu akiwa na miaka tisa, lakini alisema kelele ya mashine inamuumiza kichwa. Alikuwa akipenya kwenye matete kuingia kwa jirani, na huko aliweza kukaa saa nzima akizungushia vikonyo kitambaa bila kuinua uso. Kutoka kwenye kiti changu niliwasikia wakizungumza. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu, ya mtoto ikipanda na ya mtu mzima ikijibu chini. Kwangu mtoto huyo alijibu ndiyo na hapana.

Alipovunja ungo, sikujua. Nilijua kwa sababu jirani alikuja mlangoni na kipande cha sabuni na vitambaa safi vilivyokunjwa, akasema amenisaidia kidogo kumfunda mtoto kwa kuwa anajua nina kazi nyingi. Alidhani nimeshaambiwa. Nilivipokea vitambaa vile nikamshukuru. Vilikuwa vitambaa vya kapu langu.

Mwaka ule parokia ilipata padri mpya. Nilikwenda kumwona. Nilivaa vizuri, nikakaa kwa adabu, nikamwambia kwamba mwanamke asiyepokea komunyo, anayeishi na mume wa mtu, anasimama kila Jumamosi kwenye mlango wa kanisa akishika vifua vya mabwana arusi kabla ya sakramenti. Hapakuwa na uongo katika niliyoyasema. Kila neno lilikuwa kweli, nami nililisema kwa nia mbaya. Padri alisikiliza, akanishukuru. Juma lililofuata katekista alitangaza kwamba kazi ya maua ni ya akina mama wa chama cha parokia. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Jirani yangu hakuuliza ni nani aliyesema. Jumamosi ile hakusugua mikono. Nilimwona akianika ndakala kama siku nyingine.

Basi nikabandika mimi. Nilikuwa nimemtazama miaka mingi na niliamini mikono ya mshonaji haiwezi kushindwa na pini. Kwa bwana arusi nilifaulu kidogo. Kwa mama yake nilisahau kulaza ncha. Alipoinama kupiga magoti pini ilimchoma kwenye mfupa wa bega, na kitone cha damu kikatoka kwenye lasi nyeupe niliyoishona mwenyewe. Wakati wa kupeana amani ua lilianguka likaviringika chini ya mabenchi. Hakuna aliyenisema. Walitabasamu tu, na tabasamu lile nalikumbuka kuliko tusi.

Hazikupita arusi nne, watu wakaanza kupitia kwa jirani kabla ya kwenda kanisani. Msafara ulisimama nje kwake, maharusi wakaingia, wakabandikwa barazani, wakakumbatiwa, wakatoka. Padri hakuwa na la kusema juu ya baraza ya mtu. Ila yeye hakusimama tena mlangoni mwa kanisa, na kwenye benchi la mwisho sauti yake ilipungua.

Binti yangu alipochumbiwa, na kijana mwalimu aliyekuwa akingoja kazi Lubumbashi, nilishona nguo ambayo sijashona kama ile kabla wala baada. Nilitaka siku hiyo moja iwe yangu. Asubuhi nilikwenda kwa jirani kumwita binti avae. Barazani palikuwa na beseni la maji, na ndani yake mafungu mawili ya maua ya akina mama: waridi nyeupe tatu tatu, utepe wa aina moja, urefu mmoja. La mama wa bwana arusi lilikuwa jekundu, liko kando. Hayo mawili meupe niliyahesabu mara mbili.

Nikamuuliza binti yangu la pili ni la nani. Alikuwa amekaa, nywele zikisukwa, akanitazama kwenye kioo.

“Mama, moja ni yako. Ingine ni yake.”

“Arusi ina mama wangapi?”

Jirani alikuwa nyuma ya mlango akitafuta nta, na alisikia, kwa maana alichelewa kutoka. Alipotoka alinyoosha mkono kwenye ua langu ili anibandike. Nikamwambia nitabandika mwenyewe. Nililichukua kutoka kwenye beseni likidondosha maji, nikaenda kwangu, nikalichoma begani kwa mbele, kwa pini ya kufunga, kama walivyofanya watu zamani.

Lilianguka kwenye ngazi za kanisa. Mjomba wa bwana arusi alilikanyaga bila kuona. Nilisimama nikitazama chini, na nilipoinua macho nilimwona jirani yangu kwenye kundi la wanaoingia nyuma, ua lake begani, zuri, limenyooka. Alikuwa akinitazama. Aliingiza mkono chini ya nguo, akachomoa pini zake mbili, akabandua ua, akalitia kwenye mkoba. Tukapigwa picha baadaye, mimi na yeye, pande mbili za binti yangu, mabega matupu.

Watu wangesema huo ni ubinadamu. Mimi siku ile nilimchukia kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine zote. Hata kunishinda hakutaka kunishinda.

Maharusi waliondoka kwa gari moshi kwenda Lubumbashi. Barua zilikuja kwa mikono ya wasafiri, mbili tatu kwa mwaka. Binti yangu alipata mimba, ikatoka. Akapata ya pili, nayo ikatoka, ikiwa na miezi minne. Nilipopata habari ya pili nililia siku nyingi, nikaacha mashine, nikaandika barua ambazo leo naona haya kuzikumbuka, nikimuuliza amekula nini, amebeba nini, amekosea wapi. Baada ya hapo barua zake kwangu zikawa fupi. Mume mzima, mimi mzima, wakusalimia.

Yule mfanyakazi wa reli naye akafa. Jamaa zake walikuja kutoka Kabalo wakachukua nyumba, vyombo na hata mabati ya jikoni. Jirani yangu akaamua kwenda Moba kwa mdogo wake. Siku ya kuondoka alisimama kwenye matete, akanipa mkono, nami nikampa. Tuliambiana safari njema na kukaa vyema. Nilirudi kwenye mashine na nikasikia uwanja wa pili umenyamaza. Nilidhani nitafurahi.

Miaka kadhaa ikapita, na mimi nikapata msiba wa shangazi Moba. Nikapanda mashua. Baada ya maziko niliuliza, nikaonyeshwa nyumba, si mbali na njia inayopanda Kirungu. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha kamba. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, na aligeuza uso kutafuta hatua zangu kabla sijasema neno. Nikajitaja. Alinyoosha mikono yote miwili, nikaingia mikononi mwake, akanikaza vilevile kama alivyowakaza wale wote. Ilikuwa mara ya kwanza. Miaka yote ya matete hatukuwahi.

Tulizungumza habari za Kalemie, nani amekufa, nani amejenga. Alisema haoni tena isipokuwa mwanga na watu wakipita kama vivuli. Mara akaniambia niingie ndani, chini ya mto wake kuna barua, imefika mwezi uliopita kwa mkono wa mfanyabiashara wa samaki, nimsomee kwa kuwa macho yake hayasomi. Mtoto wa mdogo wake, msichana mwalimu wa shule ya misheni, alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa.

Niliijua hati kabla sijakaa. Ilikuwa ya binti yangu. Karatasi ilikuwa laini kwenye mikunjo, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, na ilikuwa imejaa pande zote mbili. Mimi nilikuwa nikipata nusu ya upande mmoja.

Nilianza kusoma. Salamu, habari za shule ya mume, bei ya unga. Halafu hivi:

“Mama, nina mimba ya miezi mitano sasa, na tangu juma lililopita mutoto anacheza. Nikilala upande wa kushoto anapiga sana. Wewe njo wa kwanza kujua. Usimwambie Mama wa Kalemie bado. Zile mbili zilimuumiza kuliko zilivyoniumiza mimi, na sitaki alie tena mbele ya wakati. Miezi saba ikipita nitamwandikia mwenyewe. Naogopa, Mama. Niambie kama ni kawaida namna anavyocheza.”

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mimi sikusoma hivyo. Nilipofika kwenye yale maneno ya wa kwanza kujua, nikayaruka, nikaendelea na mstari uliofuata. Hakuna ambaye angejua. Anayesikiliza alikuwa kipofu.

Jirani yangu aliinua mkono kidogo.

“Umeruka,” akasema.

Ndipo nikamtazama yule msichana mwalimu na madaftari yake, nikaelewa. Barua ile ilikuwa imeshasomwa, labda mara kumi. Aliijua kwa moyo. Hakuhitaji msomaji. Aliweka karatasi mikononi mwangu kusudi.

Nikamwambia kwamba binti alimkataza nisiambiwe.

“Alinikataza kusema,” akajibu. “Sijasema. Wewe njo umesoma.”

Nilikaa na barua mapajani. Nilikuwa naenda kuwa bibi, na roho yangu, badala ya kushangilia, ilikuwa ikihesabu: wa kwanza yeye, wa pili mimi. Hata wakati ule. Sijui kama kuna dawa ya jambo hilo. Nilichoweza kufanya ni kumwambia lile nililolibeba tangu Kataki.

“Kwa padri, njo miye nilienda.”

“Najua. Padri mwenyewe aliniambia juma lilelile.”

Nilingoja aendelee, aniulize kwa nini, anisute kama ninavyostahili. Alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, macho yake meupe yakitazama upande wa ziwa ambao hakuuona, na uso wake ulikuwa na hamu ya kitu kingine kabisa.

“Rudia pale mutoto anacheza,” akasema. “Soma yote.”

Nikarudi juu ya ukurasa, nikasoma kwa sauti, polepole, kila neno, na la wa kwanza kujua pia.